Kitone Kwenye Kidole

Duka la rangi lilikuwa limefurika, maana ilikuwa Jumamosi na kila mwenye ukuta alikuwa ameukumbuka siku hiyo hiyo. Mashine ya kutikisa makopo inanguruma, watu wanasukumana kaunta, na katikati ya kelele hizo akaingia kijana mrefu mwenye ovaroli iliyotapakaa rangi mpaka kwenye kola. Akatua kopo kubwa mbele ya binti anayechanganya rangi, kwa kishindo.

"Dada, hiki kijivu si kile cha juzi."

Binti hakuinua macho. Alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi na kilemba cha njano, na vidole vyake havikuwa na hata doa moja, jambo ambalo kwa kazi yake ni ajabu.

"Habari za asubuhi na wewe pia," akasema.

"Nzuri. Nimepuliza milango sita. Mitatu imetoka kama moshi, mitatu kama majivu. Bosi ananitazama kama mimi ndiye niliyeitengeneza."

"Kopo ulilikoroga mpaka chini?"

"Nililitikisa."

"Kwa mikono?"

"Kwani kuna watu wanaotikisa kwa miguu?"

Foleni nzima ikacheka. Binti akachukua kijiti, akakizamisha, akakivuta juu kikiwa kimebeba uji mzito uliokuwa umeganda chini ya kopo. "Rangi yako hii hapa, imelala. Wewe umewapulizia watu maji ya juu. Mashine ya kukorogea huko kiwandani kwenu ni pambo?"

Mtu mwenye akili zake angeona aibu. Huyu akaona kishimo kwenye shavu la binti. "Naomba namba yako ya simu," akasema.

"Ya nini?"

"Nikishindwa kukoroga, nikupigie."

Akampa. Alimwambia dada yake baadaye kwamba alimpa ili foleni isogee, na dada yake alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo kijana akaitwa Kijivu na binti Bibi Rangi, na simu hazikupumzika.

"Kijivu, umekula?"

"Nimekula, roho yangu. Ila sijashiba sauti yako."

"Nyoo! Barakoa umevaa?"

"Nimevaa."

"Mbona nakusikia vizuri hivyo?"

"Nimeishusha nikuongeleshe."

"Ndani ya chumba cha kupulizia? Wewe mwanaume utaniua! Toka nje ndiyo unipigie!"

Miezi mitatu ikaenda hivyo, mapenzi na ugomvi katika sufuria moja. Mimi mwenyewe ninayesimulia walinichosha.

Sasa lazima niseme kidogo kuhusu kazi yake, vinginevyo hamtaelewa kwa nini binti alipandisha hasira. Kijivu alikuwa anapuliza milango ya chuma kwa mashine inayosukuma rangi kwa presha kubwa mno, ikatoka kwenye bunduki ya kupulizia kupitia tundu dogo kuliko la sindano. Tundu likiziba, unazima mashine, unatoa presha yote, unafunga kifyatulio, ndipo unagusa pua ya bunduki. Hilo analijua kila anayeshika bunduki ile, na anaposikia milango arobaini inamsubiri, analisahau.

Siku moja Bibi Rangi akaenda kiwandani saa ya chakula, gauni la bluu, viatu vya kutokea, mkononi pakiti ya vichujio vipya vya barakoa. Wengine hupelekewa maua. Akasimama mlangoni akitabasamu, na hapo hapo akamwona mpenzi wake akipangusa pua ya bunduki kwa kidole, mashine bado inaunguruma.

"We! We! Zima hiyo mashine!"

Mafundi wanne wakageuka. Kijivu akageuka pia, uso umewaka.

"Ungeanza na salamu."

"Salamu ya nini? Presha iko ndani, kidole kiko mbele ya tundu! Unajua inavyopenya? Ngozi kwake si kitu, hata glavu si kitu!"

"Mama, miaka sita niko hapa. Wewe nenda dukani ukachanganye makopo yako. Usije kunifundisha kazi mbele ya watu."

Mafundi wakajifanya kuangalia dari. Bibi Rangi akaiweka pakiti juu ya pipa, akaondoka, viatu vya kutokea vikilia kwenye sakafu.

Kesho yake Kijivu akakuta ubao mpya ukutani wenye masharti ya mashine, na jina lake likiwa limehamishiwa kwenye kufagia kwa siku mbili. Akakaa kwenye ngazi, akapiga simu.

"Umeniripoti kwa bosi."

"Mimi?"

"Usijifanye. Nani mwingine alikuwa anapiga kelele? Nimekupa moyo wangu, wewe unanipa ufagio!"

"Kijivu, nisikilize..."

Akakata. Angemsikiliza kwa nusu dakika tu! Bosi alikuwa nyuma ya pazia la plastiki saa ile, ameona kila kitu kwa macho yake mawili, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu. Lakini nani angemwuliza? Kijivu akanuna, Bibi Rangi akanuna zaidi. Siku kumi na moja wakakaa hivyo, kila mmoja akiangalia simu yake kana kwamba ndiyo iliyokosa adabu.

Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, foleni imefika barabarani, simu ya Bibi Rangi ikalia. Akaiacha. Ikalia tena. Akaipokea kwa sauti ya kaunta.

"Duka la rangi, nikusaidie nini?"

"Ni mimi. Nilitaka kujua kama... kama kile kijivu chetu kipo."

"Kijivu kipo siku zote. Umepiga kwa ajili hiyo?"

"Ndiyo. Hapana. Basi tu. Nimekaa nje, kidole kinaniwasha."

Mkono wa Bibi Rangi ukasimama juu ya kopo. "Kidole kimefanya nini?"

"Hakuna kitu. Kitone tu, kama nimechomwa na sindano. Hata damu haikutoka."

"Bunduki ilikuwa na presha?"

Kijivu akakohoa.

"Kijivu. Ilikuwa na presha?"

"Kidogo."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Lakini hakiumi, mpenzi, kimekufa ganzi tu. Nimepaka mafuta..."

"Mwambie bosi akupeleke hospitali kubwa sasa hivi. Usikibinye, usikisugue. Ukinibishia, wallahi nakuja kukuvuta kwa sikio!"

Akazima mashine zote, akamwambia mteja wa kwanza asamehe, akachukua kopo tupu la rangi ile ile lenye maelezo ubavuni, akapanda pikipiki na koti lake jeupe. Huko nyuma foleni ilimsema vibaya, na haikukosea.

Ndani ya gari la kiwanda bosi hakuwa na maneno mengi. "Nilikuona siku ile kwa macho yangu," akasema, akipiga honi. "Ubao niliweka mimi. Ningekufukuza, basi nikakuhurumia. Kumbe nimekuhurumia vibaya." Kijivu akatazama kidole chake kinavyovimba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa.

Hospitalini, watu wa mapokezi walikitazama kile kitone, wakamwonyesha benchi.

"Kaa hapo, kaka. Kuna wenye majeraha."

Bibi Rangi akafika akihema, akalitua kopo juu ya meza yao. "Hiki si kitone. Rangi hii na thina ya kuiyeyushia vimeingia ndani kwa presha, sasa hivi vinapanda kwenye mkono. Amekaa saa mbili na zaidi. Nataka daktari wa upasuaji, nataka sasa!"

"Wewe ni nani yake?"

"Mchumba wake! Andika upesi!"

Daktari alipokuja alisoma kopo, akatazama kidole, akaacha kusema taratibu. Walikipasua kutoka ncha mpaka kiganjani, wakaosha kijivu kilichokuwa kimejipenyeza kila mahali. Alitoka baada ya muda mrefu akamwambia Bibi Rangi kwamba kidole kimebaki, huenda kisikunje vizuri tena, na kwamba wangengoja benchi mpaka jioni angekuwa anazungumza habari ya kukata. Bibi Rangi akashukuru, akaenda chooni, akalia huko mpaka akatosheka.

Aliporudi, Kijivu alikuwa macho, mkono umefungwa mkubwa kama mto.

"Bosi ameniambia. Si wewe."

"Najua si mimi."

"Nisamehe. Nilikutukana mbele ya watu. Na ulikuwa unanipenda tu."

"Nilikuwa nakupenda na nilikuwa sahihi. Sema vyote viwili."

"Vyote viwili." Akajiinua kidogo. "Nesi anasema uliwaambia wewe ni mchumba wangu."

"Walikuwa wanauliza maswali. Nilikuwa na muda wa kueleza kwamba wewe ni mtu aliyenikatia simu?"

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Kijivu, usinichoshe."

"Sikuchoshi. Nasema, mimi sitaki uonekane mwongo hospitalini. Nataka iwe kweli. Nioe... yaani, nikuoe. Dawa zao hizi. Unanielewa lakini?"

Bibi Rangi akavuta kiti, akakaa. Alikuwa na hasira ya siku kumi na mbili na hajui aiweke wapi.

"Tundu likiziba?" akauliza.

"Ala! Mimi naposa, wewe unanipa mtihani?"

"Tundu likiziba, Kijivu."

"Nazima mashine."

"Halafu?"

"Natoa presha mpaka iishe."

"Halafu?"

"Nafunga kifyatulio. Naitoa pua. Naisafisha kwa brashi." Machozi yalikuwa yanamshuka pembeni mwa macho mpaka masikioni. "Kidole sikipeleki. Hata milango ikiwa mia."

Nesi akachungulia na karatasi mkononi. "Nahitaji sahihi ya kumlaza. Nani ndugu yake hapa?"

"Nipe mimi," akasema Bibi Rangi.

"Wewe ni nani yake?"

"Mchumba wake," akasema, na safari hii hakuwa na haraka.