Mwanachama wa Tatu

Kila siku kengele ya kutoka ilipolia, Kifutio hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita lango la hospitali, akamwamkia mlinzi, kisha akafuata korido ndefu mpaka mlango wa mwisho, kando ya stoo ya mashuka. Humo ndimo mama yake alimofanyia kazi. Jina la Kifutio binti huyu alipewa na wanafunzi wenzake, kwa sababu alikuwa akichora kitu kimoja na kukifuta mara kumi.

Mama yake alikuwa mtaalamu wa tiba kwa sanaa. Watoto walioungua, waliopata ajali au waliofiwa, wakashindwa hata kueleza kinachowauma, waliletwa kwake wachore, wafinyange udongo, waimbe au wapige ngoma. Hospitali nzima ilikuwa na wauguzi themanini, madaktari kumi na wawili, na yeye peke yake wa kazi hiyo. "Mama Rangi," wafanyakazi wengine walimtania, "sisi tunashona vidonda, wewe unachezea kalamu!" Alicheka nao, lakini akirudi chumbani uso ulimshuka. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, "Hapa wewe ungefanyaje?"

Ndiyo maana alifungua jukwaa mtandaoni, lililo wazi kwa yeyote kusoma, ili wataalamu wa kazi yake waliotawanyika huku na huko wakutane, waulizane na kutiana moyo. Aliweka masharti mawili. Picha za wagonjwa ni marufuku, na mgeni atajitambulisha kwa picha aliyoichora kwa mkono wake. Wiki nne zikapita. Jukwaa lilikuwa na wanachama wawili: mama mwenyewe, na fundi kompyuta wa hospitali, aliyejiunga kwa huruma tu na kuchora paka mwenye miguu mitano.

Nyumbani walikuwa wawili, kwa kuwa baba alifanya kazi mbali na alirudi wakati wa likizo. Kila jioni mama alikaa mezani, akafungua kompyuta, akatazama, akaifunga. Baada ya dakika tano akaifungua tena. Kifutio alikaa upande wa pili na daftari lake. Upweke wa mama ulimuuma, na wake mwenyewe pia, maana siku hizi mama aliitikia "mmh" kwa kila alichoambiwa. Siku moja Kifutio alimwambia kwamba mwalimu wao amegeuka twiga.

"Mmh," mama akaitikia. "Vizuri."

Darasani Kifutio akamweleza jirani yake wa dawati, msichana aliyekuwa na jibu kwa kila kitu.

"Hilo tu?" jirani akasema. "Kaka yangu alipofungua ukurasa wa timu yake, alijitengenezea mashabiki hewa ishirini. Watu wakiona pamejaa, nao wanaingia."

"Si uongo huo?"

"Uongo gani? Unawasha moto tu. Ukishika, unaondoka zako."

Jioni hiyo, mama akiwa jikoni, Kifutio alichukua simu ya zamani aliyopewa ya kufanyia kazi za shule. Akajisajili kwa jina la Mwenzenu wa Mbali, mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano wa kutibu watoto. Kisha akachora, na kwa mara ya kwanza hakufuta hata mstari mmoja: meza, mtu aliyeinamia mwanga, na upande wa pili kiti kidogo kitupu. Akaipiga picha, akaituma.

"Njoo uone!" mama alipiga kelele. "Tumempata wa tatu!" Akamkumbatia mpaka akashindwa kuhema. Kisha akaitazama ile picha kwa muda. "Masikini, huyu mtu ana upweke. Ngoja nimwandikie."

Tangu siku hiyo, kila jioni mama alimwandikia Mwenzenu wa Mbali. Alimuuliza ameshindaje, amekula nini, ana nani wa kuzungumza naye. Kifutio alikuwa amekaa hapo hapo, mbele yake, akijibu kwa kidole gumba chini ya meza. Maneno yote aliyotamani kuyasikia alikuwa anayasoma, lakini hayakuandikwa kwake. Alijikuta anamwonea wivu mtu ambaye hayupo.

Siku ya Alhamisi mama akauliza swali la kazi. Bila kutaja jina, alieleza habari za mtoto wa miaka saba ambaye hajasema neno tangu nyumba yao iungue. Kwa wiki sita walikuwa wakichora naye, wawili tu. "Kesho saa saba mchana nina kundi la watoto wanane wanaopiga ngoma," aliandika. "Nimwingize, au bado mapema? Wewe mwenye uzoefu ungefanyaje?"

Kifutio alilisoma swali mara mbili. Aliona akinyamaza mama atavunjika moyo. Akaandika haraka haraka: "Mwingize. Atazoea."

"Afadhali nimepata mwenzangu," mama akasema akifunga kompyuta. "Nilikuwa nasitasita. Basi kesho namwingiza."

Ijumaa hesabu hazikumwingia kichwani kabisa. Yule mtoto alimjua. Alikuwa akimwona koridoni, akijificha nyuma ya sketi ya bibi yake kila toroli la chakula lilipogonga ukuta. Sasa leo ngoma nane! Wenzake walipokwenda kula, alimwomba mwalimu ruhusa, akatimua mbio.

Alimkuta mama ameshika kitasa cha ukumbi, na mtoto amemng'ang'ania bibi yake. Ndani, ngoma zilikuwa zimeanza.

"Mama, usimwingize!"

"Kuna nini? Mbona unahema hivyo?"

"Mwenzenu wa Mbali hayupo. Ni mimi, mama. Nilidanganya. Sijui lolote, niliandika tu." Machozi yalimtoka mbele za watu.

Mama aliachia kitasa. Akamwomba muuguzi asimamie kundi, akawachukua bibi na mjukuu wake mpaka chumba cha mwisho, akafunga mlango. Kifutio alibaki koridoni peke yake. Hakuwahi kujiona mpweke kama siku ile.

Jioni mama alisema, "Nimekasirika, na si kidogo." Kisha akaandika jukwaani, Kifutio akisoma kila neno: "Mwanachama wa tatu hayupo, ni mtoto wangu. Nami nina kosa langu. Nilimtaka sana mwenzangu, hata nikamwamini mtu nisiyemjua, nikakaribia kumuumiza mgonjwa." Akalifuta lile jina. Wakabaki yeye na paka wa miguu mitano.

Jumatatu likaingia jibu. Ilikuwa picha ya mlango uliofunguliwa nusu, iliyochorwa kwa mkaa, na maneno machache chini yake: "Natibu kwa nyimbo, peke yangu hospitalini kwetu kwa miaka tisa. Nawasoma tangu siku ya kwanza, ila niliogopa nisije nikaonekana sijui kazi. Kumbe hapa mtu anaweza kusema amekosea. Naomba nafasi."

Safari hii mama hakupiga kelele. Alipiga simu kwanza kwenye hospitali ile, akahakikisha kwamba mtu huyo yupo kweli. Kufikia Ijumaa walikuwa wamejiunga wengine wawili. Yule mtoto bado hakuwa amesema neno, ila siku hiyo aligonga ngoma ndogo mara moja, kwa kidole.

Jioni hiyo mama akaweka mezani ile picha ya kiti kitupu, aliyoichapisha kwenye karatasi kazini.

"Kazini hatumwambii mtu picha yake ina maana gani. Tunamuuliza. Hii nilijisemea tu maana yake, sikuuliza. Haya, niambie, kiti hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo hapo hapo. Ila haonekani."

Mama alifuta macho kwa kiganja. "Nisamehe, mwanangu. Lakini sikiliza. Ukiwa na upweke, niambie wazi, hata kama nimeinamia kazi. Uongo wako ulinifurahisha siku chache, na muda wote huo tulikuwa wapweke wote wawili, na nusura mtoto wa watu aumie. Uliposema kweli uliaibika, lakini ndipo watu wakaja."

Akaifunga kompyuta. Akavuta kiti chake, akazunguka nacho meza mpaka ubavuni kwa binti yake, akakaa.

"Enhe," akasema. "Na yule mwalimu aliyegeuka twiga, anaendeleaje?"