Muna Alipoumwa na Nyoka Shuleni

Asubuhi shuleni huanza na uji. Mwanasha, mpishi, anakoroga sufuria. Mzee Halkano, mlinzi, anafungua geti. Gumato, mama mfugaji wa ng'ombe, analeta maziwa ya walimu.

Siku hiyo Muna, binti wa Gumato, alifuata mpira kwenye kichaka cha miiba ya mathenge. Nyoka akamuuma mguu.

Halkano alifika kwanza. Alichunga ng'ombe miaka mingi, na ng'ombe akiumwa na nyoka alimfunga kamba juu ya jeraha, akamchanja kwa wembe. Akatoa kamba.

"Weka hiyo kamba, mzee," alisema Mwanasha. "Umesahau mafunzo?"

Wakati wa likizo iliyopita, muuguzi Godhana alikuwa ametoka Garsen, akawafundisha wafanyakazi wote huduma ya kwanza.

"Nilidhani ni mambo ya walimu," alisema Halkano.

Mwalimu Najla alikuwa ameshamlaza Muna. "Ukifunga kwa nguvu, damu haipiti, mguu unaoza. Ukichanja, anatoka damu tu, sumu inabaki. Muna, tulia mwanangu. Usiutikise mguu."

Aliweka rula ndefu ya ubaoni kando ya mguu. Mwanasha akavua leso yake wakaufungia mguu kwenye rula, bila kubana. Halkano akampigia simu Danson, mwenye gari la Probox.

Gumato akaja mbio. Najla alikuwa ameshika makasi. Kwenye kifundo cha mguu ule wa Muna palikuwa na ugwe wa ngozi.

"Huo alifungwa na mamangu, umlinde," alisema Gumato. "Haukatwi."

"Mama Muna, tazama. Mguu unavimba. Ugwe umeanza kuzama."

Gumato akatazama. Akanyoosha mkono. "Lete. Nitakata mwenyewe." Akaukata, akaufunga kwenye pindo la leso yake.

Danson akawafikisha hospitalini, na Muna akapewa dawa ya sumu ya nyoka. Godhana alimwambia Gumato, "Mmemleta mapema, na mguu haukubanwa. Atapona."

Muna aliporudi darasani, Gumato alileta kibuyu kizima cha maziwa.

"Walimu, Mwanasha, Mungu awalipe. Mmenirudishia mtoto."

"Na mimi wa simu?" aliuliza Halkano.

"Na wewe, mzee wa kamba. Kunywa." Kisha akamgeukia Najla. "Mwalimu, huyo Godhana akija tena, tuite na sisi. Malishoni nyoka ni wengi, na mwalimu hayuko."

Godhana alirudi. Kina mama wa ng'ombe walijaa darasani. Halkano alilala kwenye benchi, akajifanya mgonjwa wa mazoezi. Gumato akapiga magoti, akamfunga mguu kwenye ubao taratibu.

"Tulia, mzee," alimwambia. "Gari linakuja."