Mawese Yaliyogoma Kuganda

"Korongo Mbili, baki hapo hapo. Usiguse mtu."

Mukamazimpaka aliibana redio yake ya Motorola nusura aivunje. Ilikuwa asubuhi na mapema, baridi inauma masikio, na foleni ya kuvuka daraja la mpakani la Rusizi II kwenda Bukavu, upande wa Kongo, haina mwisho. Ndani yake kuna mtu aliyebeba dawa mpya ya malaria, iliyoibwa maabara juzi. Ikivuka, wanunuzi wa kigeni wataiandikisha hataza kwa jina lao, na wagonjwa wa huku watauziwa kwa bei ya kuua.

"Korongo Moja, nipe ruhusa nikague mizigo."

"Maître, wewe ni wakili wa hataza wa kikosi tu," akajibu mkuu wake, Ndikumana, kutoka Kamembe. "Kazi yako makaratasi. Ngoja wanaume wafike."

Makaratasi.

Alikereka. Kabla ya uwakili alikuwa mtafiti wa kemia ya kaboni miaka sita mizima, na dawa yenyewe aliitengeneza yeye kwa mikono yake. Nani kamuuliza? Hakuna.

Akazima redio.

Akaifuata foleni, mkono ndani ya koti, juu ya bastola yake ya Glock. Kwa amri yake, kila muuza mawese akamtikisia dumu lake. Kimya. Baridi ilikuwa imegandisha mafuta yote.

Dumu la kumi likacheza kama maji.

Mawese hayawi hivyo saa hizi, labda uyatie kiyeyusho. Na dawa ile husafirishwa ndani ya kiyeyusho.

"Papa, weka chini."

"Iko mawese tu, maman. Niache nipite, batoto banangoja."

"Fungua."

Yule mtu, Bashige, mvusha magendo waliyekuwa wakimsaka, akarukia ukingo wa daraja na dumu mkononi. Kifuniko kikaanguka.

"Ukisogea, minamwanga yote mu muto." Akaliinamisha dumu juu ya maji.

Glock ikatoka. Mukamazimpaka alikuwa amechoka na kila mtu asubuhi ile.

"Mwaga."

"Unasema nini?"

"Mwaga, Papa. Aliyeitengeneza ni mimi. Mara ya kwanza ilinila miaka sita. Sasa ninaijua, wiki tatu zinatosha. Wewe utabaki kuwauzia nini wale bazungu?"

Bashige akamtazama, akatazama mtutu wa bastola, akaliweka dumu chini polepole. Pingu zikalia.

Prado ya Ndikumana ikafunga breki, wanaume sita wakaruka.

"Nani alikupa amri?" akafoka. Kisha akaliona dumu. "Umejuaje?"

"Nilisoma, chef."

Akamkabidhi funguo za pingu, akaondoka kutafuta chai ya maziwa, bado amekasirika.