Bakuli la Barafu Inayoelea

Kila asubuhi, kaka zake wakiwa bado wanajinyoosha kitandani, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa ameshafagia uwanja, amechota maji na kuvaa sare. Nyumbani walimpa jina la Chapuchapu, nalo likamganda. Mama yake alizoea kumtania kwamba siku moja ataepua chai kabla maji hayajachemka. Alikuwa hodari kweli, ila kusubiri kulimshinda.

Jumamosi moja gari la makumbusho ya sayansi lilifika sokoni kuwafundisha watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na mwalimu akamchagua Chapuchapu asaidie mezani. Mtaalamu wa makumbusho, mwanamke mpole asiye na haraka, alipanga mabakuli mawili ya kioo yenye maji. Katika la kwanza, vipande vya barafu vilielea. Katika la pili, barafu ilikaa juu ya jiwe lililochomoza nje ya maji. Kisha akabandika utepe mwekundu kwenye kila bakuli, pale maji yalipofikia.

Akawaeleza watu kwamba hewa chafu ya magari na viwanda inazuia joto lisitoke duniani, na barafu ya nchi za baridi inayeyuka. Je, barafu hii ikiyeyuka, maji yatapanda katika bakuli lipi? Jibu hakulitoa. Aliwataka wakisie, wasubiri, kisha waone wenyewe.

Chapuchapu akadakia kwamba yatapanda katika yote mawili. Muuza viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa mtaa wa chini ambako maji ya bahari yalikuwa yameshaanza kuingia, alitikisa kichwa.

"Binti, barafu si maji hayo hayo? Hayapandi popote. Mnatupotezea muda tu."

Alikwenda kumhudumia mteja, akiahidi kurudi kuhakikisha. Mtaalamu naye akaitwa na dereva kutazama kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, akamwachia Chapuchapu meza. Jua lilikuwa kali. Katika bakuli la jiwe, maji yalipita utepe, naye akatabasamu. Lakini katika lile la kwanza barafu iliisha yote, na maji yakabaki palepale. Kwa mbali alimwona muuza viatu anarudi. Chapuchapu akatazama huku na huku, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akamimina kidogo.

Mtaalamu aliporudi, watu walikuwa wamejaa. Aliinama akatazama bakuli la kwanza, akanyanyuka, akainama tena.

"Ndugu zangu, sitawaficha," alisema. "Nilitarajia maji ya bakuli hili yasipande. Barafu inayoelea imeshachukua nafasi yake ndani ya maji. Inayoongeza maji ni ile inayotoka nchi kavu. Sasa hapa yamepanda, na sijui kwa nini."

"Kama wewe mwenyewe hujui, sisi tukuamini vipi?" aliuliza muuza viatu. Hakuwa akidhihaki tena. Alionekana kama mtu aliyekuja na tumaini akalikosa. Watu wakaanza kutawanyika.

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe jaribio halikuwa na kasoro yoyote, na yeye ndiye aliyeliharibu. Kama angenyamaza, watu wale wangerudi makwao wakiamini kwamba mtaalamu ni mbabaishaji.

"Ni mimi," alisema. "Niliongeza maji. Niliogopa kuchekwa."

Wachache walicheka kweli, na kicheko chenyewe kilimchoma kidogo kuliko alivyodhani. Mtaalamu hakumgombeza. Alimwomba muuza viatu abaki, jaribio lirudiwe, na safari hii yeye mwenyewe apange barafu na kubandika utepe. Bwana yule akavuta kiti, akakunja mikono, akakaa hadi kipande cha mwisho kikayeyuka. Kisha akapitisha kidole kwenye utepe wa kwanza, maji yakiwa palepale, akapitisha kwenye wa pili, maji yakiwa yameupita. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kama barafu ya nchi kavu iliyobaki huko ni nyingi. Hapo ndipo watu walipoanza kuzungumza kwa dhati kuhusu mtaa wa chini na namna ya kuinua sakafu za vibanda vyao.

Wakati wa kufunga vifaa, Chapuchapu aliuliza kama bado anaruhusiwa kusaidia. Mtaalamu alimjibu kwamba Jumamosi ijayo meza ya mabakuli itakuwa yake tena.

"Lakini sikiliza, mdogo wangu," aliongeza. "Watu hawa hawawezi kusafiri kwenda kuiona barafu inayoyeyuka huko mbali. Wanategemea tunachowaonyesha hapa. Tukiwadanganya kwa jambo dogo, watakataa hata lile kubwa lililo kweli. Siku nyingine ukiona usichokitarajia, usikirekebishe. Niite, tukitazame pamoja."