Kifua cha Emna

Msimu wa zeituni ukianza, kijijini kwa kina Emna, nje kidogo ya mji wa Sfax nchini Tunisia, hakuna mtoto anayeulizwa kama amechoka. Emna akitoka shule alitua mkoba, akavaa ncha za pembe za mbuzi vidoleni kama kucha, akapanda ngazi kumsaidia Najeti, mama yake, kuchana matawi. Zeituni zilianguka kwenye nyavu zilizotandikwa chini. Hapo alikaa Bibi Mabruka, mama wa baba yake, akichambua majani na kuwatania waliokuwa wakizembea.

Lakini mwaka huo utani haukunoga. Kiangazi kilichopita Hedi, baba yake Emna, alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka tena. Watu wakasema ni moyo. Tangu hapo neno hilo halikutajwa nyumbani.

Ndiyo maana kifua kilipoanza kumsumbua, Emna alinyamaza. Mchana alikuwa mzima kabisa. Akilala tu, kitu kilimbana katikati ya kifua na kuwaka hadi kooni; akiketi, kinapungua. Akazoea kulala ameegemea ukuta. Mama yake alipomkuta hivyo alimuuliza ameanza lini.

"Tangu tuanze kuvuna," Emna akajibu. "Mama, ni kama baba?"

Najeti alimkumbatia.

Zahanati ya kijiji iliwatuma hospitali ya mjini. Huko Daktari Olfa, mama mpole mwenye miwani, alimpima Emna moyo, akampiga picha ya kifua, akachukua na damu. Hakuona tatizo. Akamuuliza anakula nini kabla ya kulala. Emna akasema hali kitu. Kwao chakula cha jioni huliwa mapema. Daktari akawaambia warudi ikiwa hali haitabadilika.

Mtu mwingine angefurahi. Najeti alilia njia nzima. Hedi naye, alisema, alionekana mzima hadi siku ile.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Bibi Mabruka alimpaka Emna mafuta kifuani, akamwombea, akaongeza dawa yake, lakini wapi. Emna aliogopa kitanda kuliko alivyoogopa kaburi. Alisinzia darasani hadi mwalimu akamrudisha nyumbani. Rafiki yake, Wided, alipomtania kwamba ana macho ya bundi, Emna alimjibu taratibu kwamba atamwachia kalamu zake za rangi. Wided hakuthubutu kucheka.

"Sirudi tena hospitali," Najeti akamwambia mkwewe. "Wataniambia hakuna kitu, halafu nitamzika."

Basi Bibi Mabruka akampeleka yeye mwenyewe. Siku hiyo Daktari Olfa alikuwa na mafua, anakohoa kila akitaka kusema. Bibi akamtazama kwa huruma, akatoa chupa ya mafuta ya zeituni kwenye kikapu.

"Mwanangu, hicho kikohozi kitakumaliza. Tia kwenye kikombe cha kahawa, changanya na saumu na pilipili ya kusaga, unywe ukishaingia kitandani. Huyu nampa kila siku tangu tulipokamua mafuta mapya. Kilipozidi kifua, nikamwongezea."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Emna, si nilikuuliza unakula nini kabla ya kulala?"

"Lakini hicho si chakula, daktari. Ni dawa ya bibi."

Daktari alimuuliza kama maji machungu humpanda kooni, na Emna akakubali. Akamweleza kwamba ni kiungulia. Mafuta na pilipili, mtu akilala navyo palepale, hupandisha tindikali ya tumboni na kuunguza kifua. Mafuta si mabaya, ale na mkate mchana. Jioni ale mapema, asilale hadi chakula kishuke, kisha arudi aangaliwe.

Bibi Mabruka alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na Hedi, mwanangu aliyefariki? Naye nilimpa hayohayo."

Daktari akataka kujua Hedi alikuwa akilalamika nini. Bibi akasema kwamba alikuwa akipanda njia ya kwenda kiwanda cha kukamulia mafuta anasimama katikati, ameshika kifua, jasho linamtoka. Hedi alimkataza Bibi asimwambie Najeti, naye Bibi akamfichia. Akamwongezea mafuta.

"Mafuta hayakumuua, mama," daktari akasema polepole. "Moyo wake ulikuwa ukiumwa. Ila hakuletwa kwetu tukamwona."

Nyumbani Najeti alisikia yote mawili kwa pamoja, habari ya binti yake na ya mumewe. Akamkumbatia Emna, kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu. Siku zilipopita, kifua cha Emna kikapoa na akaanza kulala kama wenzake.

Siku moja walipokuwa wakikunja nyavu, Bibi Mabruka alimvuta karibu.

"Mjukuu wangu, ukiumwa, sema. Na daktari akikuuliza, mwambie yote, hata nilichokupa mimi. Na mtu akikuomba umfichie maumivu yake, umkatalie. Mimi nilikubali, na mwanangu sinaye."