Alama Ndani ya Picha ya Cherono

Mimi si mtu wa kusimuliwa. Haya niliyaona mwenyewe, mtaani Kaptembwo, Februari ya 2008, na anayebisha aje tutazamane machoni.

Cherono alipanga chumba kando ya changu. Jina hakumwambia jirani yeyote. Tulimwita mathe tu, yaani mama. Alitoroka Kabazi usiku wa mazishi ya mumewe, Nicodemus, baada ya mama mkwe kuapa pale kaburini kwamba mwanawe atarudi kumchukua. Upweke ulipomzidi, akamtumia mamake picha moja aliyopigwa chumbani na Jaydeep, mpiga picha. Nyuma yake alitundika shuka jeupe, isijulikane yuko wapi.

Jioni moja alikwenda studio ya Jaydeep, mjini, kuchukua nakala yake ya picha hiyo. Mimi nilikuwa pale pale, kwenye benchi la wateja.

"Bwana yako ameshapita," Jaydeep akasema, macho kwenye kompyuta.

"Bwana gani?"

"Alikuja na ile picha uliyomtumia mamako. Akataka nimsomee alama."

"Alama gani?"

Jaydeep akatabasamu kwa maringo. "Watu wananiibia picha, dada. Sasa ndani ya kila moja naficha jina la mteja na mahali anakaa. Macho hayaoni. Ni mashine yangu tu."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ingekuwa siri tena?"

Cherono akainama. Sakafuni palikuwa na nyayo za mtu asiye na viatu. Udongo mwekundu, mbichi... na mvua tuliiona mara ya mwisho kabla ya Krismasi.

"Bwana yangu tulimzika," akanong'ona.

Jaydeep hakutabasamu tena.

Akarudi Kaptembwo kwa miguu, giza likiingia; mimi nilipanda gari nikamtangulia. Kufuli ilikuwa mlangoni, imefungwa kama alivyoiacha. Akashusha pumzi.

Kisha harufu. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Ndani, mtu akakohoa.

"Cherono..." Sauti ya chini, ya upole. "Cherono, umechoka. Ingia."

Tangu ahamie hapa, hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake.

Ufunguo alikuwa ameshautoa. Akautupa, akakimbia, akapanda gari la Naivasha, na huko anachuma maua hadi leo.

Mtaniuliza kama nimetia chumvi. Kidogo. Yote ni kweli isipokuwa huko kukimbia na hiyo Naivasha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mabati, nimeuma blanketi, na nilichosikia ni ufunguo wake ukizunguka kwenye kufuli... taratibu... kama wa mtu anayefika kwake.