Ansila Ashika Kamba

Ansila ana miaka sita. Anaishi karibu na Mto Kilombero. Pale kwao mto ni mpana, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa.

Chwa, chwa, chwa. Ndivyo mto unavyosema ukiwa umetulia.

Siku moja ya Ijumaa, nyumbani kwao kulikuwa na pilikapilika. Kesho yake wangesafiri!

"Tutapanda mtumbwi," alisema Shangazi Gaude. "Tutateremka na mto mpaka kambi ya wavuvi. Tutalala kwenye hema. Jumapili tutarudi."

Ansila alikuwa hajawahi kulala kwenye hema. Tito, mdogo wake, hakujua hata hema ni kitu gani.

"Hema linang'ata?" Tito aliuliza.

"Haling'ati," alisema Ansila. "Ni nyumba ya kitambaa."

Wote walikaa mkekani wakapanga safari. Nani atafanya nini?

"Mimi nitapika," alisema Mama.

"Mimi nitasimamisha hema," alisema Mjomba Fidoli.

"Mimi nitaongoza mtumbwi," alisema Shangazi Gaude.

"Na mimi?" aliuliza Ansila.

"Wewe utashika kamba ya mtumbwi, sisi tukipakia mizigo."

Kamba! Kamba tu? Ansila alinuna kidogo.

Jua lilipopoa, Mama alibaki nyumbani, wengine wakashuka mtoni. "Tupakie mizigo leo tuone kama mtumbwi utaibeba," alisema Shangazi. "Kesho asubuhi tusihangaike."

Pua ya mtumbwi ilikuwa juu ya mchanga. Mkia wake ulikuwa majini. Ndani wakaweka gunia la mchele. Wakaweka sufuria. Wakaweka jerikani la maji ya kunywa.

Tito naye akapanda. Akakaa juu ya gunia. "Mimi ni nahodha!" alisema.

Shangazi alicheka. Akampa Ansila kamba. "Shika hapa, mwanangu. Nakwenda kumsaidia Mjomba kubeba hema. Narudi sasa hivi."

Shangazi akapanda ukingo wa mto. Akapotea nyuma ya matete.

Ansila akabaki na kamba. Tito akabaki na gunia lake.

Chwa, chwa, chwa. Mto ulikuwa umetulia.

Mara, kwa mbali, kitu kikanguruma. Trrrrrr!

Ilikuwa boti ya injini. Ilikuja kwa kasi. TRRRRRR! Ikapita. Ikaenda zake.

Boti iliondoka, lakini mawimbi yalibaki.

Wimbi la kwanza likapiga mtumbwi. Puu!

Wimbi la pili likapiga mtumbwi. Puu!

La tatu lilikuwa kubwa. Likauinua mtumbwi. Kwaruuu! Pua ikatoka mchangani.

Mtumbwi sasa ulikuwa majini wote. Na Tito alikuwa ndani yake.

Kamba ikanyooka. Ikakaza. Ikamvuta Ansila mbele.

Mto ukavuta. Ansila akashika.
Mto ukavuta. Ansila akashika.

"Ansila!" Tito aliita. Akasimama. Mtumbwi ukayumba huku. Ukayumba huku. Sufuria ikaanguka majini. Chubwi!

"Kaa chini, Tito!" Ansila alipaza sauti. "Kaa! Kumbatia gunia!"

Tito akakaa. Akalikumbatia gunia kwa mikono yote miwili.

Miguu ya Ansila iliteleza kwenye mchanga. Kidogo. Tena kidogo. Maji yakagusa vidole vyake.

Ansila alijua kuwa majini hapaingiwi. Mtoni kuna mamba. Mama alimwambia hivyo kila siku.

Hawezi kuingia majini. Hawezi kuachia kamba. Afanye nini?

Akaangalia kulia. Hakuna kitu. Akaangalia kushoto. Kulikuwa na kisiki cha mti, kifupi na kinene.

Ansila akarudi nyuma. Hatua moja. Kamba ilimuuma viganja. Hatua nyingine. Akakizunguka kisiki pamoja na kamba yake.

Kriiii! Kamba ikalia. Kisiki kikatikisika. Lakini hakikung'oka.

Mto ukavuta. Ansila akashika.
Mto ukavuta. Ansila akashika.

"Shangaziii!" aliita.

Kimya.

"Shangaziiiii!"

Upepo ulivuma kwenye matete. Hakuna aliyejibu.

Tito alianza kulia. "Naogopa maji," alisema.

"Usiyatazame," alisema Ansila. "Nitazame mimi. Unaniona?"

"Nakuona."

"Pua yangu unaiona?"

"Naiona. Ina mchanga."

"Endelea kuitazama. Usiangalie kwingine."

Viganja vya Ansila viliwaka moto. Machozi yakamtoka. Hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Shangaziiiiiii!"

Pu! Pu! Pu! Pu! Miguu ilikuja mbio. Shangazi Gaude akatokea kwenye matete! Mjomba Fidoli alikuwa nyuma yake. Hema walikuwa wamelitupa njiani.

Shangazi akaishika kamba. Mjomba akaishika kamba.

"Moja, mbili, vuta!"

Mtumbwi ukasogea.

"Moja, mbili, vuta!"

Kwaruuu! Pua ikapanda mchangani. Mjomba akamnyanyua Tito, akamkumbatia kwa nguvu.

"Umeweza, Ansila," alisema Shangazi. "Sasa achia."

Lakini vidole vya Ansila havikutaka kuachia. Shangazi akapiga magoti. Akavifungua kimoja kimoja, polepole.

Nyumbani, Mama alisimuliwa yote. Akamweka Tito mapajani. Akampaka Ansila mafuta viganjani.

Halafu akasema, "Hatuendi."

Shangazi Gaude akaja kukaa mbele ya Ansila.

"Kosa ni langu," alisema. "Kushika ile kamba ni kazi ya mtu mzima, nami nikakupa wewe. Nikawaacha watoto wawili peke yao mtoni. Nisamehe, mwanangu."

Ansila alishangaa. Hakujua kwamba watu wazima nao huomba msamaha.

"Nimekusamehe," alisema kwa sauti ndogo.

"Uliogopa?"

"Sana."

"Mimi pia," alisema Shangazi. "Niambie, bado unataka kwenda?"

Ansila akafikiri. Akayafikiria maji yanayovuta. Akaifikiria nyumba ya kitambaa.

"Nataka," alisema. "Lakini mtumbwi ufungwe. Ufungwe kabisa. Na Tito asikae humo peke yake, hata kidogo."

Mjomba Fidoli akatikisa kichwa kukubali. "Basi tupange upya," alisema.

Wakakaa tena mkekani. Safari hii hawakuanza na mchele wala hema. Walianza na maji.

"Mtumbwi tutaufunga mbele na nyuma," alisema Mjomba.

"Watoto watavaa majaketi ya kuelea tangu hapa nyumbani," alisema Shangazi. "Mtu mzima ataingia wa kwanza, na atashuka wa mwisho."

"Na boti ikija?" aliuliza Ansila.

"Tutaipungia ipunguze mwendo. Na sisi tutasogea pembeni."

Wote wakamtazama Mama. Mama alikuwa bado amemshika Tito.

"Na asubuhi mto ukiwa mbaya?" aliuliza.

"Tutarudi nyumbani," alisema Shangazi. "Tutasimamisha hema hapa uani, karibu na banda la kuku."

Mama akavuta pumzi ndefu. Akamtazama Ansila.

"Haya," alisema. "Twende."

Jumamosi asubuhi mto ulikuwa umetulia. Chwa, chwa, chwa.

Shangazi aliingia wa kwanza. Mama akakaa katikati, mtoto huku na mtoto huku. Mjomba akausukuma mtumbwi, akarukia nyuma. Makafi yakaingia majini. Chubu, chubu, chubu.

Mara, kwa mbali, Trrrrrr!

Ansila akashika mkono wa Mama. Akaubana sana.

Shangazi akainua kafi lake juu, akalipunga. Mjomba akausogeza mtumbwi pembeni, karibu na matete.

Mwenye boti akawaona. Trrrr. Trr. Tr. Akapita taratibu. Mtumbwi ukayumba kidogo tu, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Asante, ndugu!" aliita Mjomba.

"Safari njema!" aliita mwenye boti.

Ansila akaachia mkono wa Mama. Akacheka. Tito naye akacheka.

Wakafika kambi ya wavuvi. Mama aliazima sufuria, akapika wali na samaki. Mjomba alisimamisha hema. Likaanguka. Akalisimamisha tena. Likaanguka tena. Wavuvi wakaja kumsaidia.

Giza likaingia. Shangazi Gaude akakaa mlangoni mwa hema. Moto ulikuwa unawaka mbele yake.

Ndani, Ansila na Tito walijifunika shuka moja.

"Ansila," Tito alinong'ona. "Umelala?"

"Nimelala."

"Mtu aliyelala haongei."

"Basi wewe lala, mimi niache kuongea."

Tito akafikiri. Akafungua mdomo ajibu. Badala yake akapiga mwayo mkubwa, aaaah! Ansila naye akapiga mwayo, aaaah!

Na kabla Shangazi hajaongeza kuni, wote wawili walikuwa wamelala.